Gari la Jumatatu, mchezo wa Jumapili

Ukimsikia kijana wa Butembo au Beni akisema anataka kujifunza mbio za magari, mara nyingi barabara anayoiwaza ni ile ile: kilomita 54 zinazounganisha miji hiyo miwili kwa kupitia Maboya na Kabasha. Ushauri wangu wa kwanza unaanzia hapo, na hauna mjadala. Iondoe barabara hiyo kichwani. Ina malori yaliyojazwa hadi juu, taxi-moto zenye abiria watatu, akina mama wanaotoka shambani na mizigo mgongoni, vizuizi vya askari, na kona ambazo hujui nyuma yake kuna nani. Anayekimbiza gari humo hajifunzi kuendesha, anajifunza kubahatisha, na siku bahati ikimwacha hafi peke yake.

Mchezo ninaotaka kukueleza hauhitaji barabara kabisa. Unaitwa autokrosi. Unataka uwanja uliofungwa, alama za kuonyesha njia, saa, kaske, na gari ulilo nalo, hilo hilo linalokupeleka kazini, sokoni na Kasindi kufuata mzigo. Linaingia njiani gari moja tu kwa wakati, na mpinzani wako ni saa. Mzunguko mmoja huweza kwisha ndani ya dakika moja, mara nyingi huvuki vitesi ya pili, na bado utashuka mikono ikitetemeka na jasho mgongoni. Asiyewahi kujaribu hucheka akiambiwa kwamba kilomita 40 kwa saa ni mwendo mkali. Apewe uwanja wa udongo wenye kona nane, kisha tumuulize tena.

Mchezo huu una sura mbili. Nchini Marekani chama cha SCCA huuandaa kwenye viwanja vikubwa vya lami vilivyopangwa koni za plastiki, na koni moja ukiiangusha huongezewa sekunde 2. Ufaransa wana slalomu yao, yenye wazo lilelile. Shirikisho la dunia, FIA, liliingiza slalomu ya magari katika michezo yake ya mwaka 2022 huko Ufaransa, kila nchi ikileta timu ya mwanamume na mwanamke. Huku kwetu Afrika Mashariki autokrosi ni ya udongo na vumbi. Kenya, chini ya shirikisho la KMSF, ina ubingwa wake wa autokrosi, na magari yamegawanywa kwa madaraja: watoto wana daraja lao, magari yanayovutwa na magurudumu mawili yasiyo na turbo yana lao, yenye turbo lao, na yale ya magurudumu manne lao. Daraja la magurudumu mawili bila turbo ndilo linalokuhusu wewe. Ndilo daraja la magari ya watu wa kawaida.

Kwa msomaji wa Beni au Butembo, shule ya karibu ni Uganda. Huko michezo ya magari inasimamiwa na shirikisho la FMU, na mji wa Mbarara umekuwa mwenyeji wa rali kubwa, ikiwemo Pearl of Africa, ambayo ni sehemu ya ubingwa wa Afrika. Rali si autokrosi. Ni ndefu, ni ghali, na ina msoma ramani kitini. Lakini nenda katazame angalau moja kabla hujafanya lolote, na usiyatazame magari peke yake. Tazama kamba. Tazama mahali watu walipozuiwa kusimama, bendera inavyotumika, nani anaruhusu gari kuondoka, na ambulansi imeegeshwa wapi na inaelekea upande gani. Hayo ndiyo utakayokuja kuyafanya mwenyewe kwa udogo wake. Ukivuka Kasindi kwa gari lako, hakikisha una kadi ya njano ya COMESA, na kumbuka kwamba ukishafika Mpondwe, upande wa Uganda, unahamia kushoto mwa barabara. Watu wazima wenye uzoefu hulisahau hilo wakitoka kituo cha mafuta.

Kuna wanaodhani mchezo wa magari ni wa matajiri wenye magari ya ajabu. Historia ya ukanda wetu inasema vingine. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliandaliwa kwa magari ya kawaida kama yalivyouzwa dukani. Joginder Singh, fundi wa Kenya mwenye asili ya Punjab, aliishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano na wengine kabla yake. Akaja kuishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1993 Patrick Njiru alilipitisha Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, katika Safari ile ile iliyovunja magari ya viwanda vikubwa, akamaliza na kushinda daraja lake. Na wanaosema huu ni mchezo wa wanaume, waulize Uganda: bingwa wa taifa wa rali mwaka 2011 alikuwa Susan Muwonge. Butembo ina wanawake wanaoendesha magari yao wenyewe kufuata biashara kila juma. Sioni kwa nini wasiwe wa kwanza kwenye mstari.

Tuje kwenye gari lako. Swali ninaloulizwa daima ni, "Yaya, ninunue gari gani?" Usinunue. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani kwa njia ya Mombasa na Kampala yanafaa kuanzia: Starlet, Corolla, Carina, Premio, na hata Probox, ambayo inafaa kuliko inavyochekwa. Ni mepesi, yanavutwa na magurudumu ya mbele, na vipuri vyake havikosekani mjini. IST na Vitz pia, ingawa yameinuka kidogo, kwa hiyo kona zake zipangwe pana. Lisilofaa ni gari refu kwenda juu: RAV4, Prado, Noah, Hiace. Uzito wake uko juu, na gurudumu la kando likinasa kwenye ufa wa udongo wakati gari linateleza ubavu, gari hupinduka hata kwa mwendo mdogo. Hapa sibembelezi mtu. Mwenye jeep aje kusimamia saa, au aombe gari la rafiki.

Halafu kuna ugonjwa wa kutaka nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua. Butembo iko juu ya mita 1,700. Maana yake gari lako lina pungufu ya takriban asilimia 17 ukilinganisha na siku liliposhushwa melini Mombasa. Beni iko chini zaidi, ndiyo maana Starlet ile ile huonekana changamfu ukifika huko, na madereva wengi huisifu esansi ya Beni bure. Pungufu hilo usililipie fedha. Kwenye uwanja mdogo wa udongo nguvu ulizo nazo zinatosha kukutoa njiani, na mwanzoni kila farasi wa ziada ni wa kukupoteza zaidi.

Fedha ndogo uliyonayo iende kwenye freni kwanza. Kanyaga pedali gari likiwa limesimama na injini inanguruma: iwe ngumu, isizame polepole chini ya mguu. Ikizama, au likwidi ikiwa nyeusi kama ilivyo kwenye magari mengi yetu, fundi aibadilishe yote na akague plakete. Kisha pine. Si lazima ziwe mpya, lakini nne zifanane kwa aina, zisiwe na uvimbe ubavuni wala nyuzi zinazoonekana. Mpitie kwado, fundi wa pine, akazikaze nati zote za magurudumu kwa mkono wake, na wewe uzirudie mwenyewe siku ya mchezo, kabla na katikati. Upepo uanzie kwenye kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magurudumu ya mbele unaweza kuyaongezea bari 0.2 ili ubavu wa pine usilale kwenye kona. Kwenye ardhi ngumu kuna ujanja wa bure: chora mistari ya chaki kutoka kwenye bega la pine kushuka ubavuni, zunguka mara moja, kisha tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikiwa imefutika hadi kwenye ubavu wenyewe, upepo ni mdogo.

Baada ya hapo ni amortisa na mpira unaofunika kardani. Mpira uliopasuka ni jambo dogo barabarani, lakini kwenye vumbi na usukani uliokatwa hadi mwisho, kardani itaanza kupiga kelele haraka sana. Oili ijazwe hadi karibu na alama ya juu, kwa kuwa kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja wa injini na pampu inaweza kuvuta hewa. Tangi liwe na robo au nusu, lisijae. Na siku hiyo usitie esansi ya chupa ya wauzaji wa kando ya barabara, wale tunaowaita Kadhafi. Sina ugomvi nao, wametuokoa wengi njiani, lakini tone la maji ndani ya chupa ambalo injini inalivumilia kwenye mwendo wa sokoni haitalivumilia ikizungushwa kwa nguvu.

Asubuhi ya mchezo toa kila kitu ndani ya gari. Kila kitu: jeki, pine ya akiba, bidoni, viatu, gunia la maharagwe lililosahaulika tangu Lubero, na kapeti ya chini ya miguu ya dereva, ambayo huteleza ikaingia chini ya pedali. Betri ifungwe isicheze. Mkanda wa usalama ukivutwa ghafla ukamate. Kaske ya kwanza inaweza kuwa ya moto, ile inayofunika masikio na kufungwa chini ya kidevu, si ile kofia nyepesi ambayo abiria wa taxi-moto huvalishwa kumridhisha polisi wa barabarani.

Sasa uwanja, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu katika miji yetu hiyo ndiyo nusu kubwa ya mchezo. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi, na mkusanyiko wowote wa watu na magari usiojulikana kwa wakubwa unaweza kuzua mambo mazito. Andika barua. Anzia kwa shefu wa kartie, umfikishie mkuu wa komuni, iwe Bulengera, Kimemi, Mususa au Vulamba kwa Butembo, au Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori kwa Beni, kisha ofisi ya meya na ya michezo, na nakala kwa polisi. Taja siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya magari, na jina la anayewajibika. Mwenye kiwanja naye atoe ridhaa yake kwa maandishi. Mchana tu, ndani ya mji tu. Msidanganyike na uwanda mzuri ulioko nje ya mji, hata kama mwenyeji anaapa kwamba pametulia. Na viwanja vya ndege msiviombe kabisa.

Mlio wa gari nao ni suala la ujirani mwema. Beni na vijiji vyake vimezika raia wengi tangu mauaji ya Oktoba 2014, na watu wa huko wamejifunza kusikiliza. Bomba la moshi linalotoa vishindo kama risasi, ambalo vijana wa miji mingine huliona fahari, kwetu linaweza kukimbiza kartie nzima. Gari lenye bomba hilo lisiingie uwanjani. Siku moja kabla, mpite nyumba za jirani mmoja mmoja mkieleza kutakuwa na nini na kitaisha saa ngapi. Jumapili msianze kabla watu hawajatoka kusali.

Kiwanja chenyewe kisiwe kile cha mpira ambacho watoto wanakitegemea. Magari manne yakikizunguka baada ya mvua, hakuna atakayecheza hapo mwezi mzima. Ua wa ghala, kiwanja cha kuegesha malori, ardhi iliyosawazishwa ikisubiri kujengwa, hivyo ndivyo vya kuombwa. Mita 60 kwa 40 za njia yenyewe zinatosha kuanzia. Kinachozidi ukubwa ni nafasi ya kupotea: mti, ukuta, mtaro au nguzo isiwe karibu na njia kwa chini ya mita 15, na mahali ambapo gari linafika kwa kasi zaidi ongeza. Udongo wetu mwekundu ukilowa hauna msimamo. Januari na Februari, au Juni na Julai, ndiyo miezi ya kupanga mambo. Ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, ahirisheni bila kubishana.

Alama zisiwasumbue. Bidoni za njano za lita 20, tupu, zinaonekana kutoka mbali na zikigongwa hazidhuru gari. Upepo ukizisumbua tieni vikombe viwili vya udongo ndani, msitie mawe. Pine kuukuu, ambazo kila mtu huzipendekeza kwa sababu ni za bure, zikataeni: moja ikinaswa chini ya gari dogo, hupasua sinia ya oili, na Jumatatu ya mwenye gari imekwisha.

Njia ya kwanza iwe rahisi. Weka geti la kuondokea la bidoni mbili. Mbele yake panga bidoni nne kwa mstari mmoja, zikiachana mita 15 hadi 18, za kupita kwa zigizaga. Kisha kona pana ya kurudi, kona moja ya kubana, na mwisho kisanduku cha bidoni ambamo gari lazima lisimame kabisa. Kisanduku hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana: kinamlazimisha dereva kumaliza akiwa anatawala gari, badala ya kupita mstari wa mwisho akiwa anaelekea kwa watu. Wasaidizi wawili wapime muda kwa saa za simu na mchukue wastani wao. Bidoni iliyoanguka ni sekunde 2 zaidi. Aliyekosea njia, mzunguko wake hauhesabiki. Sheria ziishie hapo, kwa sababu kila sheria mnayoongeza italeta mabishano kwa mwamuzi.

Watazamaji watakuja, kwa kuwa Butembo gari likikata kona mara mbili mahali pamoja watoto hamsini wameshafika. Hatari yake si ya kubuni: tarehe 21 Aprili 2024, huko Diyatalawa nchini Sri Lanka, gari liliacha njia kwenye mashindano na kuua watu 7, mtoto akiwemo. Watu wasimame upande mmoja tu wa uwanja, nyuma ya mahali pa kuondokea au juu ya ukingo ulioinuka, nyuma ya kamba, mita 30 au zaidi kutoka njiani. Upande wa nje wa kona asisimame mtu, awe mpiga picha, awe ndugu wa dereva, awe askari. Mtu wa kamba akiinua mkono kwamba mtoto amevuka, hakuna gari linaloondoka, na lililo njiani linapigiwa bendera nyekundu lisimame. Ombeni wajitolea wa Msalaba Mwekundu wawe nanyi, muwe na mtungi wa kuzimia moto, na gari moja lisiloshindana likiwa limegeuzwa kuelekea barabara ya hospitali. Mkikosa mojawapo, siku hiyo kunyweni chai mrudi nyumbani.

Ukishapata haya yote, kuendesha kwenyewe kunaanza kwa miguu. Itembee njia mara mbili au tatu kabla ya kuingia na gari. Mara ya kwanza tazama bidoni. Mara ya pili tazama ardhi, palipo na kokoto, palipo na tope lililojificha kivulini. Mara ya tatu chuchumaa, kwa sababu dereva haoni uwanja kutoka kwenye kimo cha mtu aliyesimama. Magari yetu mengi usukani uko kulia. Utazikadiria vizuri bidoni za kulia na kuzigonga za kushoto, kwa hiyo tembea pia ukikumbuka ubavu wa pili wa gari uko wapi.

Kaa karibu na usukani kuliko ulivyozoea. Mabega yakiwa yamegusa kiti, nyosha mkono: kiganja kifike juu ya usukani na viwiko vibaki na mkunjo. Mikono iwe pande mbili, kwenye namba 9 na 3 za uso wa saa ya ukutani. Gari la otomatiki liweke kwenye 2 au L, lisije likabadilisha vitesi lenyewe katikati ya kona.

Macho ndiyo usukani wa kwanza. Ukiitazama bidoni unayoiogopa, utaigonga. Itazame ya mbele yake, na ukifika hapo macho yawe yameshahamia nyingine. Hili ni gumu kuliko linavyosomeka na ndilo linalowatenga madereva kwa sekunde nyingi, wala halinunuliwi dukani.

La pili ni freni. Nguvu ya pine kushika ardhi ni kama fedha ya mfukoni siku ya soko: ukiitumia yote kwenye freni, hakuna iliyobaki ya kukatia kona. Kwa hiyo punguza mwendo gari likiwa limenyooka, mapema kuliko unavyodhani, kisha achia pedali polepole huku ukianza kukata. Uzito wa gari uliokuja mbele wakati wa freni unazikandamiza pine za mbele, nazo zinashika. Ukiiachia ghafla uzito unarudi nyuma na pua ya gari inakuwa nyepesi. Ingia taratibu, utoke kwa nguvu. Wanaoanza wote hufanya kinyume, na kelele zao huwa kubwa kuliko muda wao.

Gari linalovutwa mbele litakuonyesha tabia moja zaidi ya zote: umeshakata usukani, nalo linaendelea kwenda moja kwa moja. Mkono utataka kuongeza kukata. Usiusikilize. Punguza esansi, rudisha usukani kidogo hadi pine zishike tena, kisha kata upya. Mkia ukianza kukupita, elekeza usukani kule unakokwenda mkia, tazama unakotaka kwenda, na mguu usirukie freni. Na kama gari lako lina ABS, jua kwamba kwenye kokoto na udongo uliolegea linachukua nafasi ndefu zaidi kusimama, kwa kuwa magurudumu hayafungi ili kukusanya udongo mbele yake. Lijaribu hilo kwenye nafasi wazi kabla ya saa kuwashwa. Freni ya mkono iache kwanza. Inapendeza kwenye video, ila kwenye magari yetu waya wake mara nyingi umeshavutika, na anayeizoea mapema hajifunzi kamwe kuligeuza gari kwa uzito wake.

Mzunguko wa kwanza uendeshe kwa nusu ya uwezo wako. Kusudi lake ni kukumbuka njia na kurudi bila kugusa bidoni. Kisha mwachie nafasi rafiki anayekuzidi akae pembeni, na kaske yake, mara moja. Abiria mwingine yeyote hapana. Mizunguko mitano au sita inatosha kwa siku. Zaidi ya hapo mwili unachoka, freni zinapata moto, na mtu anaanza kutafuta sekunde kwa hasira. Muda wako ulinganishe na wako wa asubuhi. Wa jirani mwenye Subaru mwachie mwenyewe.

Kabla ya kutoka uwanjani, lala chini utazame tumbo la gari: oili inayodondoka, mpira wa kardani, mawe yaliyobanwa. Kagua nati, rudisha upepo wa pine kwenye kipimo cha kawaida, rudisha pine ya akiba na jeki. Chujio la hewa likung'utwe jioni hiyo hiyo. Kuhusu bima, soma mkataba wako kabla ya siku, si baada ya ajali. Bima za kawaida za magari kwa kawaida huacha mashindano nje, maana yake bati ukilikunja unalinyoosha kwa fedha yako. Kama huna uwezo wa kulinyoosha, na gari hilo ndilo linalolisha nyumba, njoo bado, lakini ushike saa kwa msimu mmoja na ujifunze kwa macho.

Miji yetu ina madereva hodari sana. Mtu aliyepeleka Carina iliyojaa hadi Kasindi na kurudi msimu wa mvua, kabla lami haijaanza kuwekwa, hahitaji kufundishwa ujasiri. Anachokosa ni mahali pa kujipima bila kuhatarisha wapita njia, na hapo hapataletwa na mtu kutoka Kinshasa. Tafuteni watu kumi, kiwanja kimoja na bidoni ishirini, mpeleke barua kwa meya, na mkishafanya siku mbili au tatu bila kumuumiza mtu, waandikieni FMU muombe kutumiwa mwalimu au kuruhusiwa kwenda kujifunza usimamizi kwao. Kutoka Beni hadi mpaka wa Kasindi ni kilomita 80 tu.